Baada ya Hogo Kutolewa: Udhaifu wa Mifupa na Namna ya Kuutambua Mapema

Miaka mingi iliyopita, nikiwa daktari kijana katika hospitali ambayo haina haja ya kutajwa, nilimhudumia mama mmoja wa miaka 58 aliyeteleza kwenye sakafu iliyolowa, akatanguliza kiganja ili ajizuie. Mfupa ulikuwa umevunjika karibu na kifundo cha mkono. Nikauvuta, nikauweka sawa, nikamfunga hogo, nikamwandikia dawa za kutuliza maumivu na kumtaka arudi baada ya wiki sita. Alirudi, mfupa ulikuwa umeunga vizuri, tukaagana kwa furaha. Sikumwuliza hedhi yake ilikoma lini. Sikumpima urefu. Sikumwuliza kama mama yake mzazi aliwahi kuvunjika nyonga.

Miaka saba baadaye nilimkuta wodini amelala chali, mguu wa kulia umefupika na wayo umegeukia nje, dalili ambayo kila mwanafunzi wa udaktari huijua kabla hata ya kuiona picha ya eksirei. Alikuwa ameanguka usiku akitoka msalani. Alinitambua kabla mimi sijamtambua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ule mkono ulipona vizuri kabisa. Sasa ni mguu."

Alisema hivyo kwa kunisifu. Hakujua kwamba ananishitaki. Mkono uliovunjika kwa kuteleza tu, mtu akiwa amesimama kwa miguu yake miwili, ulikuwa onyo lililoandikwa kwa herufi kubwa, nami nililifunika kwa plasta.

Makala haya yanahusu onyo hilo. Nawaandikia wahudumu wa afya wenzangu, hasa wa zahanati na vituo vya afya ambao ndio huwaona wagonjwa hawa kwanza, na pia wagonjwa wenyewe na jamaa zao, kwa kuwa katika ugonjwa huu mwenye mwili mara nyingi ndiye mwenye taarifa muhimu kuliko mashine yoyote.

Kwanza niseme neno juu ya majina, kwani hapo ndipo mkanganyiko mwingi unapoanzia. Kiswahili chetu cha kliniki hakijakubaliana juu ya jina moja la osteoporosisi. Wengine husema mifupa kuwa myepesi, wengine mifupa kulika, na wengi zaidi husema mifupa kusagika. Usemi huu wa mwisho umewapoteza wagonjwa wengi, kwa sababu kusagika ni jina ambalo watu wamekwisha kulipa gonjwa jingine, lile la viungo kuchakaa, ambapo gegedu la goti au nyonga huisha na mtu akalia kwa maumivu kila anapopanda ngazi. Osteoporosisi haina maumivu. Mtu hukaa nayo miaka ishirini asijue, mpaka siku mfupa unapovunjika. Anayekwambia kwamba magoti yake yanauma na kwa hiyo ana osteoporosisi, yaelekea ana jambo jingine. Na anayesema hana maumivu yoyote hajathibitisha kwamba mifupa yake ni mizima.

Mfupa nao si jiwe. Katika mwili wa mtu mzima takriban sehemu moja ya kumi ya mifupa hubomolewa na kujengwa upya kila mwaka. Zipo seli zinazobomoa na zipo zinazojenga, nazo hufuatana mithili ya vibarua na mafundi kwenye jengo moja. Hadi karibu na umri wa miaka 30 mafundi huwazidi vibarua, na mtu hujiwekea akiba. Asilimia 99 ya kalsiamu yote ya mwili imehifadhiwa mifupani; ile asilimia moja inayobaki ndiyo inayouwezesha moyo kupiga, misuli kujikunja na damu kuganda, hivyo chakula kikipungukiwa, mwili huchota kwenye akiba wala hauombi ruhusa. Kwa mwanamke, homoni ya estrojeni ndiyo inayowazuia wabomoaji wasipite kiasi. Hedhi ikikoma, kizuizi huondoka, na katika miaka mitano hadi kumi ya mwanzo mfupa hupotea kwa kasi kubwa. Uhusiano huo ulielezwa mwaka 1941 na Fuller Albright na wenzake mjini Boston, na tangu hapo haujapata mpinzani. Wanaume hawakuachwa salama. Wao hupoteza polepole, hivyo huvunjika wakiwa wazee zaidi, na wakivunjika nyonga hufariki kwa wingi kuliko wanawake.

Je, ugonjwa unatambuliwaje? Kipimo kinachokubalika ni cha DXA, mashine inayotumia mionzi hafifu kupima wingi wa madini katika nyonga na kiuno. Jibu lake hutolewa kwa alama ya T, yaani umbali wa mgonjwa kutoka kwenye wastani wa vijana wenye afya. Shirika la Afya Duniani liliweka mpaka mwaka 1994: alama ya chini ya hasi 1 ni upungufu, na ya hasi 2.5 au chini zaidi ni osteoporosisi. Lakini mashine hizi ni chache katika nchi zetu, na nyingi ziko kwenye miji mikubwa. Mhudumu wa wilayani asijihesabu kuwa hana la kufanya. Mgonjwa aliyepita umri wa miaka 50 akivunjika nyonga au pingili ya uti wa mgongo kwa kuanguka akiwa amesimama, au kwa kuinua ndoo tu, amekwisha kujitambulisha. Hahitaji namba ya mashine ili aanzishiwe matibabu, mradi magonjwa mengine yameondolewa.

Pingili zenyewe huvunjika kimyakimya. Theluthi moja tu, pengine pungufu, ya wanaovunjika pingili hufika kwa daktari kwa sababu hiyo; waliobaki husema "mgongo wa uzee". Kwa hiyo mpime mgonjwa urefu, kisha umwulize alikuwa na urefu gani ujanani au utazame kwenye hati zake za zamani. Aliyepungua sentimita nne au zaidi apigwe eksirei ya mgongo kwa upande. Msimamishe ukutani, visigino na mgongo vikigusa: kisogo kikishindwa kuufikia ukuta, mgongo umepinda. Weka vidole vyako kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Nafasi ikiwa ni ndogo kuliko vidole viwili, pingili zimeshuka. Vipimo hivi havina gharama. Ipo pia hesabu nyepesi iliyotokana na uchunguzi wa wanawake wa Asia: toa umri kutoka kwenye uzito, uzidishe jawabu kwa 0.2. Bibi wa miaka 72 mwenye kilo 45 hupata hasi 5.4, na chini ya hasi 4 ni hatari kubwa. Kwa kuwa haikutungwa kwa ajili ya watu wetu, mimi huitumia kama kengele tu, si kama hukumu.

Eksirei ya kawaida isitumike kusema mifupa ni mizima. Mfupa huwa umepoteza karibu theluthi moja ya madini yake kabla picha haijaonyesha weusi. Kinachotafutwa kwenye picha ni umbo la pingili: je, imebonyea mbele kama kabari? Na hapa, katika nchi zenye kifua kikuu, kuna mtego. Kibyongo cha kifua kikuu cha mgongo na kibyongo cha osteoporosisi hufanana kwa mbali. Kifua kikuu huila diski iliyo katikati ya pingili mbili na kuzishika zote mbili, mara nyingi kikiwa na homa, jasho la usiku na kukonda; osteoporosisi huiacha diski ilivyo. Maumivu yanayomwamsha mgonjwa usiku, damu pungufu, figo kushindwa au kiwango cha protini kilichopanda vitukumbushe saratani ya uboho, na kwa mwenye historia ya uvimbe wa titi au tezi dume, saratani iliyosambaa. Sijui daktari yeyote wa umri wangu ambaye hajawahi kukosea angalau mara moja katika jambo hili.

Kosa linalonisumbua zaidi, hata hivyo, ni la aina nyingine. Alikuja kwetu mwanamke wa miaka 34 akiwa na karatasi aliyopewa kwenye maonyesho, baada ya kushika kifaa mkononi kwa dakika moja. Karatasi ilisema mifupa yake ni ya ajuza. Alikuwa amekwisha kutumia fedha nyingi kununua unga wa makopo. Alifanya kazi za ndani tangu alfajiri hadi usiku, akitoka alijifunika mwili wote, na chakula chake kilikuwa ugali na mboga za majani, maziwa kwa nadra. Nilimwomba akae kwenye mkeka kisha asimame. Hakuweza bila kuyasukuma mapaja yake kwa mikono. Alitembea akiyumba kama bata, na nilipombonyeza ubavuni aliruka kwa maumivu.

Huyu hakuwa na osteoporosisi. Katika osteoporosisi mfupa ni mchache lakini umekomaa. Katika osteomalasia mfupa upo ila haukupata madini ya kuukaza, mfano wa ukuta uliojengwa kwa zege lisilo na saruji ya kutosha. Kwa watoto hali hiyohiyo ndiyo matege. Osteomalasia inauma, inadhoofisha misuli ya mapaja na mabega, na inaacha alama katika damu. Kimeng'enya cha alikalini fosfetesi, kinachopimwa katika maabara nyingi za wilaya, kilikuwa mara tatu ya kawaida. Fosfeti ilikuwa chini. Kalsiamu ilikuwa ukingoni. Eksirei ya nyonga ilionyesha ufa mwembamba upande wa ndani wa shingo ya fupa la paja. Katika osteoporosisi isiyo na mvunjiko mpya, vipimo hivi vyote huwa vya kawaida. Ndiyo maana nasisitiza: kabla ya kumwandikia mtu dawa ya kuimarisha mifupa, pima kalsiamu, fosfeti, alikalini fosfetesi na kreatinini, na panapowezekana vitamini D na homoni ya paratiroidi. Kalsiamu ikiwa juu na homoni ya paratiroidi ikiwa juu pia, tatizo liko kwenye tezi ndogo zilizo nyuma ya tezi ya shingo, na tiba yake mara nyingi ni upasuaji. Kreatinini ikiwa juu, mfupa unaugua kwa sababu ya figo, na hilo lina njia yake.

Lau mwanamke yule angechomwa asidi ya zoledroniki kwa kuiamini karatasi ya maonyesho, kalsiamu yake ingeweza kushuka hadi akakakamaa na kupata degedege. Badala yake alipewa vitamini D ya yuniti 50,000 mara moja kwa wiki kwa wiki nane, pamoja na kalsiamu ya kila siku. Mwezi wa tatu alisimama kutoka mkekani huku mikono ameikunja kifuani.

Wengi hustaajabu kusikia upungufu wa vitamini D katika nchi zenye jua. Jua lenyewe halina kasoro. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwapima Wamaasai na Wahadzabe wa Tanzania ukakuta wastani wa nanomoli 115 za vitamini D kwa lita ya damu, zaidi ya mara mbili ya kiwango cha 50 ambacho wataalamu wengi hukiona kinatosha. Jua halimfikii anayeshinda ndani: mfanyakazi wa nyumbani, mzee asiyetoka chumbani, mfungwa, mtoto anayelelewa ghorofani. Jamaa zetu walioko Maskati na miji mingine ya Ghuba wanalijua jambo hili, kwani huko joto na mavazi huwatenga wanawake wengi na jua linalowaka nje ya dirisha. Tena jua peke yake halitoshi. Huko Nigeria watafiti walionyesha mwaka 1999 kwamba watoto wenye matege, ambao jua walikuwa nalo tele, walipona vizuri zaidi kwa kalsiamu kuliko kwa vitamini D, kwa kuwa chakula chao kilikuwa nafaka tupu.

Kwa wenzetu wa Arusha, Meru na ukanda wote wa Bonde la Ufa hadi Naivasha na Nakuru, liko gonjwa jingine lisilosahaulika: madhara ya floraidi. Maji ya chemchemi na visima vingi vya huko yana floraidi inayopita kwa mbali kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, na magadi yanayotiwa kwenye maharage huongeza kiasi hicho. Meno ya kahawia kila mtu huyaona. Mifupa haionekani. Kwenye eksirei hutokea mieupe kama chaki, na mashine ya DXA huweza kutoa alama nzuri ya kudanganya, ilhali mfupa huo ni mgumu usio na uimara, unaovunjika upesi. Kano hugeuka mfupa, shingo na mgongo hukakamaa, na miguu ya watoto hupinda. Hakuna kidonge cha kuiondoa floraidi iliyokwisha kuingia mfupani. Tiba ni maji. Katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto mkoani Arusha maji hupitishwa kwenye mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao huinasa floraidi kwa sababu ileile inayoifanya floraidi iyapende mifupa yetu.

Baadhi ya dawa tunazoandika sisi wenyewe pia hula mifupa. Prednisoloni ndiyo kinara: hatari ya kuvunjika hupanda ndani ya miezi mitatu hadi sita ya mwanzo. Anayetarajiwa kuitumia kwa miezi mitatu au zaidi afikiriwe mifupa yake siku ileile. Wapo pia wanaonunua deksamethasoni dukani ili wanenepe, nao hawataitaja wasipoulizwa kwa upole. Fenitoini, fenobabitoni na kabamazepini huharakisha uharibifu wa vitamini D. Tenofoviri, iliyomo katika vidonge vya kila siku vya watu wengi wanaoishi na virusi vya UKIMWI, hupunguza mfupa kidogo katika mwaka wa kwanza au wa pili, na kwa wachache hupoteza fosfeti kupitia figo. Nawaomba wanaoitumia wasiiache kwa kusoma mstari huu. Dawa hiyo inawapa uhai. La kufanya ni kumweleza mhudumu iwapo mifupa inauma au misuli imelegea. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu nayo hupunguza mfupa, ambao kwa sehemu kubwa hurudi sindano ikiachwa.

Sasa matibabu. Mtu mzima aliyepita miaka 50 anahitaji takriban miligramu 1,000 hadi 1,200 za kalsiamu kwa siku. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina kama 300. Dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao ni hazina, na uji wa ulezi unauzidi uji wa sembe kwa mbali sana. Mchicha una kalsiamu lakini sehemu kubwa yake imefungwa isinyonywe. Hayo, pamoja na yuniti 800 za vitamini D, ni msingi tu. Kwa aliyekwisha kuvunjika hayatoshi.

Dawa ya kwanza kwa wengi ni alendroneti, miligramu 70 mara moja kwa wiki, na kufaulu kwake kunategemea namna ya kuimeza kuliko kitu kingine. Imezwe alfajiri tumbo likiwa tupu, kwa glasi nzima ya maji matupu, kisha mtu asilale wala asile kwa nusu saa. Imezwe kwa maji, si kwa chai wala maziwa. Anayeimeza kwa chai ya maziwa, jambo nililolikuta mara nyingi, anaitupa. Anayeimeza na kurudi kitandani anaunguza koo la chakula. Asiyeweza, achomwe asidi ya zoledroniki miligramu 5 mara moja kwa mwaka, akiambiwa mapema kwamba homa ya siku mbili tatu baada ya sindano ya kwanza si malaria. Dawa hizi hazifai figo zikiwa zimeshuka sana. Meno mabovu yang'olewe kabla ya kuanza, kwani kwa nadra taya huchelewa kupona. Baada ya miaka mitano ya vidonge au mitatu ya sindano hali ipimwe upya, na wenye hatari ndogo wapumzishwe. Maumivu mapya ya paja kwa mtu aliyezitumia muda mrefu yapigwe eksirei, yasipewe diklofenaki.

Denosumabu, sindano ya kila miezi sita, ni dawa nzuri yenye sharti moja zito: haiachwi ghafla. Ikicheleweshwa, mfupa uliookolewa hupotea haraka na pingili huweza kuvunjika kadhaa kwa mpigo. Mahali ambapo hakuna uhakika kwamba itapatikana baada ya miezi sita, heri isianzishwe. Teriparatidi, inayojenga mfupa kwa kweli, huchomwa kila siku kwa muda usiozidi miaka miwili, na bei yake bado ni kikwazo kwa wagonjwa wetu walio wengi.

Hata mfupa dhaifu hauvunjiki usipoangushwa. Nendeni nyumbani kwa mgonjwa, au mwulizeni mjukuu wake: choo kiko umbali gani, taa iko wapi, kandambili zimelika kiasi gani, ndoo huachwa njiani? Mtoto wa jicho atolewe. Dawa za shinikizo zinazomfanya aone giza akisimama zipunguzwe. Na akivunjika nyonga, familia isikae vikao vya wiki mbili wala kumpeleka kwa fundi wa kuunga mifupa kwanza. Nyonga haifungwi banzi. Upasuaji ndani ya siku mbili ndilo lengo, kwa kuwa kila siku ya kulala chali huleta nimonia, vidonda vya mgongo na damu kuganda miguuni. Hata katika nchi tajiri, takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne au watano hufariki ndani ya mwaka mmoja.

Mama yule alifanyiwa upasuaji siku ya tisa, akarudi kwake akitembea kwa fimbo. Safari hii alitoka na alendroneti, na urefu wake umeandikwa kwenye kadi: alikuwa amepungua sentimita tano tangu picha ya kitambulisho chake cha zamani. Binti yake, aliyemwuguza siku zote hizo akilala chini ya kitanda, alikuwa na miaka 43. Nilimwuliza swali ambalo sikumwuliza mama yake miaka saba nyuma. Akacheka kwa haya, akasema hedhi yake ilikoma akiwa na miaka 40, akadhani ni uchovu. Tulimwandikia vipimo siku hiyohiyo.